Je, albamu ya mwisho ya Bowie ilikuwa wasia?

MWANAMUZIKI mkongwe wa roki kutoka Uingereza, David Bowie, alitoa albamu yake ya mwisho, Blackstar, mnamo Ijumaa ya Januari 8, 2016. Siku hiyo ndiyo aliyokuwa akitimiza umri wa miaka 69. Siku mbili baadaye, Jumapili ya Januari 10, aliaga dunia jijini New York kutokana na saratani ambayo ulimwengu haukuwa na habari nayo.

Kwa muda wa siku mbili pekee, basi, albamu hiyo ilisikilizwa kama kazi mpya ya msanii mzee aliyekuwa bado hai. Wahakiki waliisifu kwa ujasiri wake, wakastaajabia saksafoni iliyotapakaa kila mahali, na wengi wakakubali kwamba mashairi yake ni mafumbo yasiyofumbuka kwa urahisi. Jumatatu asubuhi, tanzia ilipotangazwa, mafumbo yale yale yakaonekana kufumbuka yenyewe. Aliyeimba kuhusu kifo alikuwa amekufa. Nani angehitaji ufafanuzi zaidi ya huo?

Tangu siku hiyo imekuwa desturi kuiita Blackstar wasia, barua ya buriani au zawadi ya kuagana. Sisi tunaotunga vichwa vya habari magazetini tunalijua vyema jaribu hilo. Kichwa cha habari hupenda jibu moja, tena fupi. Hata hivyo, ukichunguza jinsi albamu hiyo ilivyotengenezwa, mwezi baada ya mwezi, utabaini kwamba jibu hilo moja halitoshi. Blackstar ilirekodiwa na mgonjwa, hilo halina ubishi, ila ni mgonjwa aliyekuwa na matumaini ya kupona, aliyekuwa akijaribu aina ya muziki aliyokuwa hajaijaribu kwa kina, na aliyekuwa na kazi nyingine akilini.

Kwa msomaji ambaye muziki wa roki haukuwa sehemu ya malezi yake, inafaa kumtambulisha mhusika japo kwa ufupi. David Robert Jones alizaliwa mtaani Brixton, London, mnamo Januari 8, 1947. Jina la Bowie alijitwalia akiwa kijana ili asichanganywe na Davy Jones, mwimbaji wa kundi la Monkees. Kibao kilichomtoa gizani kilikuwa Space Oddity cha mwaka wa 1969, kisa cha mwanaanga anayepotelea angani. Mnamo 1972 akajigeuza Ziggy Stardust, msanii wa kubuni mwenye nywele nyekundu na mavazi ya ajabu, na tangu hapo akawa akibadili sura, sauti na mtindo kila baada ya albamu chache, mithili ya kinyonga. Wapo mashabiki wa miaka ya themanini wanaomkumbuka kwa Let's Dance, kibao cha mwaka wa 1983 kilichopigwa katika kila disko.

Huku kwetu jina lake lina historia ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Mkewe, Iman Abdulmajid, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakati mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alipokutana naye jijini mnamo 1975 na kumshawishi aende New York kuwa mwanamitindo. Alifunga ndoa na Bowie mwaka wa 1992, na walikuwa pamoja hadi mauti yalipowatenganisha. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya sabini, Bowie mwenyewe alikuwa amezuru Kenya. Safari hiyo ilizaa wimbo African Night Flight, uliomo katika albamu ya Lodger ya mwaka wa 1979, na ndani yake mna maneno machache ya Kiswahili yaliyotamkwa kwa namna ambayo ingemkera mwalimu yeyote wa lugha. Lakini yamo.

Turudi kwenye albamu yenyewe. Mnamo Juni 2004, Bowie aliugua moyo akiwa katika ziara ya muziki nchini Ujerumani, akafanyiwa upasuaji na kuikatiza ziara hiyo. Kwa karibu mwongo mzima hakutoa albamu. Watu walianza kuamini kwamba amestaafu. Kisha mnamo Januari 8, 2013, siku nyingine ya kuzaliwa kwake, akaachilia wimbo mpya bila kumtahadharisha yeyote, na miezi miwili baadaye ikafuata albamu ya The Next Day. Alikuwa ameirekodi kwa siri, na waliohusika walitakiwa kutia saini mikataba ya kutofichua lolote. Hakufanya mahojiano yoyote kuhusu albamu hiyo, wala hakufanya yoyote kuhusu Blackstar iliyoifuata. Ukimya huu tuutilie maanani, kwa sababu ndio uliowaachia wengine nafasi ya kusema kwa niaba yake.

The Next Day ilikuwa albamu ya roki ya kawaida, yenye magitaa na ngoma kama alivyozoea. Mwaka uliofuata alitaka kitu tofauti. Alifanya kazi na Maria Schneider, mtunzi na kiongozi wa okestra kubwa ya jazi jijini New York, na kwa pamoja wakatoa wimbo Sue (Or in a Season of Crime) mwishoni mwa 2014. Ni Schneider aliyemweleza habari za mpiga saksafoni wa okestra yake, Donny McCaslin, aliyekuwa pia na kikundi chake kidogo.

Mnamo Juni 2014, Bowie alienda kukisikiliza kikundi hicho katika 55 Bar, kilabu kidogo kilichokuwa mtaani Greenwich Village na ambacho kilifunga milango yake mwaka wa 2022. Baadaye alimwandikia McCaslin kwa barua pepe na kumtumia nyimbo alizokuwa amezirekodi mwenyewe nyumbani. Hivyo ndivyo mwimbaji wa roki mwenye umri wa miaka 67 alivyojichagulia kundi la jazi zima zima: McCaslin kwenye saksafoni, Jason Lindner kwenye vinanda, Tim Lefebvre kwenye gitaa la besi na Mark Guiliana kwenye ngoma. Ben Monder aliongezwa baadaye kupiga gitaa.

Uamuzi huo unastahili kuelezwa, kwa maana ndio uti wa mgongo wa albamu. Katika roki, gitaa ndilo mfalme. Mpiga ngoma hushikilia mapigo yasiyobadilika, na kila mmoja hujua zamu yake itafika lini. Wanajazi hufanya kazi kwa njia nyingine. Husikilizana. Mmoja akiongeza kasi au akipunguza sauti, wengine humjibu papo hapo, na wimbo ule ule ukipigwa mara mbili hauwi sawa. Guiliana, zaidi ya hayo, alikuwa amejizoeza kupiga kwa mikono yake midundo ya kasi ambayo kwa kawaida hutengenezwa na kompyuta. Sikiliza toleo jipya la Sue katika Blackstar na utadhani ni mashine imeshikwa na kichaa. Ni mtu na vijiti viwili.

Isitoshe, saksafoni haikuwa ngeni kwa Bowie. Ilikuwa ala yake ya kwanza. Kakake wa mama mmoja, Terry, ndiye aliyemfungulia mlango wa jazi akiwa mvulana, na alipopata saksafoni alijifunza kwa muda chini ya Ronnie Ross, mpigaji hodari wa London. Miaka kadhaa baadaye, mnamo 1972, Bowie aliposaidia kutengeneza albamu ya rafikiye Lou Reed, alimwita mwalimu wake huyo wa zamani, naye ndiye aliyepuliza saksafoni inayofunga wimbo maarufu Walk on the Wild Side. Kwa hivyo aliyeingia 55 Bar mwaka wa 2014 alikuwa amerejea palepale alipoanzia.

Kazi ya kurekodi ilifanyika katika studio ya Magic Shop, mtaani SoHo, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwake. Walikutana kwa awamu mnamo Januari, Februari na Machi 2015. Bowie hakujifungia chumbani kusubiri wapigaji wamalize ndipo aje kuimba. Aliimba nao pamoja, wimbo kwa wimbo, na mara nyingi walichukua jaribio la kwanza au la pili na kuendelea mbele. Sehemu kubwa ya sauti yake ilirekodiwa upya katika studio nyingine miezi ya Aprili na Mei.

Msimamizi wa kazi yote alikuwa Tony Visconti, produsa aliyekuwa amefanya naye kazi, kwa vipindi, tangu miaka ya sitini. Visconti amesimulia kwamba walisikiliza sana rekodi za Kendrick Lamar, mwanamuziki wa rap aliyekuwa ametoa albamu yenye jazi nyingi mwaka huo huo. Hawakutaka kumwiga. Walivutiwa na jinsi kijana huyo alivyokuwa akitia kila kitu katika chungu kimoja. Lengo lao, kwa mujibu wa Visconti, lilikuwa kuikwepa roki kwa kila hali.

Visconti pia alikuwa miongoni mwa wachache waliojua siri. Taarifa iliyotolewa baada ya kifo ilisema Bowie alikuwa amepambana na saratani kwa miezi 18, hesabu inayotufikisha katikati mwa mwaka wa 2014, karibu na wakati ule ule alipokuwa akimsaka McCaslin. Rekodi zilipoanza Januari 2015, alifika studio akitoka kupata tiba, nywele na nyusi zikiwa zimemtoka. Lakini wote walioshuhudia wanakubaliana kwa jambo moja: alifanya kazi kwa bidii na kwa furaha, na sauti yake haikumtupa.

Hapa ndipo ushahidi unapogawanyika, na hautakubali kuunganishwa kwa nguvu.

Upande mmoja kuna ushahidi wa wasia. Visconti amesema kwamba aliposikia maneno ya nyimbo alimwambia Bowie waziwazi kuwa anaandika albamu ya kwaheri. Bowie alicheka tu. Siku ya kifo, Visconti huyo huyo aliwaandikia mashabiki kwamba kifo cha rafikiye kilikuwa kazi ya sanaa kama maisha yake, na kwamba Blackstar ilitengenezwa kwa ajili yao kama zawadi ya kuagana.

Upande wa pili, Visconti huyo huyo ameeleza kwamba kufikia katikati mwa 2015 tiba ilikuwa ikifanya kazi na ugonjwa ukaonekana kurudi nyuma. Bowie alijawa na matumaini. Ni mwezi wa Novemba ambapo saratani ilirejea kwa kishindo. Nyimbo zote saba za Blackstar zilikuwa zimekwisha kuimbwa kufikia wakati huo. Fauka ya hayo, takriban wiki moja kabla ya kufariki, Bowie alimpigia Visconti simu akamweleza kwamba anataka kutengeneza albamu nyingine. Tayari alikuwa amerekodi nyumbani vielelezo vya nyimbo tano mpya.

Mtu anayeandika wasia hapangi kikao cha mwezi ujao. Au pengine hupanga. Wengi wetu tumeketi kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye asubuhi anagawa mali na jioni anazungumzia msimu wa kupanda.

Mfano unaodhihirisha utata huu kuliko mingine ni wimbo wa tatu, Lazarus. Jina lenyewe linamrejesha msomaji wa Biblia kwa Lazaro wa Bethania, aliyefufuliwa baada ya siku nne kaburini. Video yake ilitolewa Januari 7, 2016, siku tatu kabla ya kifo. Inamwonyesha Bowie akiwa kitandani, macho yamefungwa kitambaa chenye vifungo badala ya mboni. Kisha anaonekana amesimama, amevaa nguo za mistari zinazofanana na zile alizopigwa nazo picha katikati mwa miaka ya sabini, akiandika kwa pupa kama mwanafunzi anayehofia kengele ya mwisho wa mtihani. Hatimaye anarudi kinyumenyume ndani ya kabati na kuufunga mlango.

Je, kuna haja ya ufafanuzi? Naam, ipo. Mwelekezaji wa video hiyo, Johan Renck kutoka Uswidi, alieleza katika filamu ya Francis Whately iliyoonyeshwa na BBC mwaka wa 2017 kwamba wazo la kitanda lilikuwa lake mwenyewe. Alilitoa katika kisa cha Lazaro na halikuhusiana kamwe na ugonjwa. Alikuja kufahamu baadaye kwamba ni katika wiki ile ile ya kupiga picha, mnamo Novemba 2015, ambapo Bowie alielezwa kuwa tiba inasitishwa kwa kuwa hapakuwa na tumaini tena. Kitanda cha kuigiza na habari ya kitanda cha kweli vilikutana kwa sadfa. Bowie hakuomba kitanda kiondolewe. Alilala juu yake, akafanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Wimbo huo ulikuwa pia sehemu ya mchezo wa jukwaani wenye jina hilo hilo, Lazarus, alioandika pamoja na mwandishi wa tamthilia kutoka Ireland, Enda Walsh. Mhusika mkuu ni Thomas Newton, kiumbe kutoka sayari nyingine aliyebuniwa na Walter Tevis katika riwaya ya mwaka wa 1963, na ambaye Bowie mwenyewe alimwigiza katika filamu ya The Man Who Fell to Earth mnamo 1976. Katika mchezo, masaibu ya Newton si kwamba atakufa. Masaibu yake ni kwamba hawezi kufa. Amekwama duniani, hazeeki, na hawezi kurudi kwao. Maneno tunayoyasikia leo kama ya mtu anayekata roho yalitoka pia kinywani mwa mhusika anayekitamani kifo na kukikosa. Mchezo ulizinduliwa New York mnamo Desemba 7, 2015, na usiku huo ndio wa mwisho kwa Bowie kuonekana hadharani.

Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la albamu, nao umefasiriwa kwa kila namna. Unachukua karibu dakika 10, na kwa hakika ni nyimbo mbili zilizounganishwa: sehemu ya mwanzo ni kama kisomo cha ibada ya kutisha, katikati mawingu yanafunguka na sauti ya Bowie inakuwa tamu kama ya ujanani, kisha giza linarejea. Ulikuwa mrefu zaidi ya hapo, ila ukapunguzwa kwa sababu duka la nyimbo la iTunes halikuwa likiuza kibao kimoja kinachozidi dakika 10. Hata sanaa ya kifo hulipa ushuru sokoni.

McCaslin aliliambia jarida la Rolling Stone, kabla ya albamu kutoka, kwamba Bowie alimdokezea kuwa wimbo huo unahusu kundi la kigaidi la Islamic State. Wenzake wakashangaa, hawakuwa wamesikia habari hiyo. Wengine wanakumbusha kwamba Elvis Presley, aliyezaliwa pia tarehe ya Januari 8, alirekodi wimbo wenye jina kama hilo. Katika video, mwanaanga aliyekufa yumo ndani ya vazi lake, fuvu lake limepambwa kwa vito, na kila shabiki wa Space Oddity alidhani amemtambua. Mwenye wimbo hakuthibitisha lolote wala kukanusha.

Nyimbo nyingine nitazipitia haraka. Wimbo wa pili umepewa jina linalotokana na tamthilia ya Mwingereza John Ford ya karne ya 17, jina ambalo gazeti linalosomwa na familia nzima halina budi kuliruka. Girl Loves Me umeandikwa kwa lugha za mafichoni, moja ikiwa ile aliyoibuni mwandishi Anthony Burgess katika riwaya yake A Clockwork Orange, na nyingine Polari, msimbo wa zamani wa mashoga na wasanii wa jukwaani jijini London. Anayetafuta wasia humo atafute kwanza kamusi. Na hili ni jambo la kufurahisha: mzee anayedaiwa kuagana na dunia anatumia dakika kama tano kuchezea maneno ya mitaani kama kijana wa shule.

Wimbo wa mwisho, I Can't Give Everything Away, unamrudisha msikilizaji nyuma karibu miaka 40. Ndani yake inasikika harmonika inayofanana mno na ile ya A New Career in a New Town, kipande kisicho na maneno katika albamu ya Low ya mwaka wa 1977. Jina la kipande hicho cha zamani linazungumzia kazi mpya katika mji mpya. Jina la wimbo mpya linasema kwamba mwenyewe hawezi kutoa kila alicho nacho. Gitaa la Monder, ambalo katika albamu yote limekuwa likijificha nyuma ya saksafoni, hapa ndipo linapoachiliwa hatimaye likimbie.

Utamaduni wa msanii kuimba akiwa anaelekea ukingoni si mgeni. Sisi tuliosoma fasihi ya Kiswahili shuleni tulifunzwa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mke wa mtawala wa Siyu, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na alifariki yapata miaka miwili baadaye. Lakini Mwana Kupona hafichi. Ugonjwa wake na nia yake ya kumwachia mtoto usia vimo ndani ya utendi wenyewe. Huo ni wasia kwa maana kamili ya neno: mwenye kusema anajulikana, anayeambiwa anajulikana, na sababu ya kusema imetajwa.

Katika roki, Mmarekani Warren Zevon alifuata njia hiyo ya uwazi. Alipoelezwa mnamo 2002 kwamba ana saratani isiyotibika, alitangaza hadharani, akaingia studio, na albamu yake The Wind ikatoka Agosti 2003, siku chache kabla ya kifo chake mnamo Septemba 7. Kwa upande mwingine kuna Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1946 kwa jina Farrokh Bulsara, na aliyeimba na Bowie katika Under Pressure mnamo 1981. Albamu ya Innuendo ya kundi lake la Queen ilitoka Februari 1991 huku afya yake ikizorota na vyombo vya habari vikimwandama. Alikiri kuwa anaugua Ukimwi mnamo Novemba 23 mwaka huo, na kesho yake akafariki.

Bowie hakufanya kama Zevon wala hakufanya sawa na Mercury. Hakusema hata siku moja kabla. Uchaguzi huo, kwa maoni yangu, ulikuwa na faida moja kubwa ambayo haijasifiwa ipasavyo: uliwalinda wapigaji wake. Kijana anayepiga ngoma akijua kwamba kila pigo linamsindikiza mtu kaburini, mkono wake utakuwa mzito. Nyimbo za Blackstar hazina mkono mzito hata mmoja. Zinaruka.

Jalada nalo liliendeleza mchezo wa kuficha. Msanii wa michoro Jonathan Barnbrook aliweka nyota moja nyeusi, bila picha ya mwimbaji. Chini yake kuna vipande vya nyota, na ni baada ya kutazama kwa makini ndipo unapong'amua kwamba vinaunda herufi za jina Bowie. Kwenye santuri, nyota ya jalada imekatwa ikawa tundu, na sahani nyeusi ndani inaonekana. Miezi kadhaa baada ya kifo, mashabiki waligundua kwamba jalada likiachwa wazi juani, karatasi iliyo nyuma ya tundu hilo huonyesha anga iliyojaa nyota. Barnbrook hakuwa amemwambia mtu.

Soko lilifanya kama soko linavyofanya mtu akifa. Blackstar ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na, kwa mara ya kwanza katika historia ya Bowie, ikashika nafasi hiyo nchini Marekani, ikiiondoa kileleni 25 ya Adele. Katika Tuzo za Grammy za Februari 2017 ilijinyakulia tuzo zote tano ilizoteuliwa kuwania, zikiwemo za wimbo bora wa roki, uhandisi wa sauti na jalada. Alipokuwa hai, wapiga kura wa Grammy walikuwa wamempa tuzo moja tu ya kushindaniwa, nayo ilikuwa ya video. Hata hivyo, Blackstar haikuteuliwa kuwania tuzo kuu ya albamu ya mwaka. Hiyo ilienda kwa Adele, kwa albamu ile ile ya 25.

Mwili wa Bowie ulichomwa bila ibada ya mazishi ya hadhara. Nyimbo nyingine tatu kutoka kwa vikao vile vya 2015, zilizokuwa zimeingizwa katika mchezo wa Lazarus, zilitolewa kwa sauti yake katika rekodi fupi ya No Plan mnamo Januari 8, 2017, siku ambayo angetimiza miaka 70.

Vielelezo vya zile nyimbo tano alizomtajia Visconti havijasikika. Ila mnamo Septemba 2025, kituo cha kuhifadhi kumbukumbu zake kilifunguliwa mashariki mwa London chini ya jumba la makumbusho la V&A, kikiwa na zaidi ya vitu 90,000: mavazi, ala, barua na hati. Miongoni mwavyo mna maandishi ya kazi ambayo hata baadhi ya watu wake wa karibu hawakuijua, mchezo wa kuigiza wenye nyimbo kuhusu London ya karne ya 18. Aliupa jina la muda The Spectator, kutokana na gazeti lililochapishwa jijini humo kuanzia 1711, ambalo alikuwa akilisoma na kuandika muhtasari wake daftarini. Mawazo ya mchezo huo aliyanakili kwenye vikaratasi vidogo vya rangi. Vilikutwa katika chumba chake cha kazi jijini New York, ambacho kwa kawaida kilifungwa kwa ufunguo, vikiwa bado vimebandikwa ukutani.